Ramani niliyoichora peke yangu, na ile tuliyoichora kwa penseli

Mwanafunzi wa darasa la saba alinyoosha mkono katikati ya kipindi changu cha hisabati. Nilidhani anaomba ruhusa ya kutoka. "Mwalimu," akasema, "hii ya kuchora grafu tulifundishwa mwaka jana. Na mwaka juzi. Na kwenye sayansi tumeifanya wiki iliyopita." Darasa likaangua kicheko. Nikatoa lile jibu ambalo walimu huwa nalo mfukoni, kwamba marudio ni muhimu, nikaendelea kupiga mistari ubaoni.

Jioni, nikisahihisha madaftari, nikaona kitu kilichoniondolea raha. Watoto wale wale waliochora grafu safi, mistari imenyooka na majina yameandikwa pande zote mbili, hawakuweza kusema grafu yenyewe inaeleza nini. Walikuwa wamechora kwa miaka mitatu na hakuna aliyewafundisha kuisoma. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshafanya.

Nililisema hilo kwenye kikao cha walimu, nikapata malipo anayopata kila mtu mwenye kusema jambo kikaoni: nikakabidhiwa kazi yenyewe. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba shule itatengeneza ramani ya mtaala na mimi ndiye mratibu.

Kwa asiyeifahamu, muhtasari wa somo unaeleza kinachopaswa kufundishwa. Azimio la kazi linaonyesha mwalimu mmoja amepanga kufundisha nini na lini. Ramani ya mtaala hukusanya masomo yote na madarasa yote mahali pamoja, mwezi kwa mwezi, ili mtu asimame mbele yake aone mtoto anapita wapi tangu anaingia shuleni hadi anamaliza. Mwalimu humwona mtoto kipande kimoja tu cha safari. Mtoto ndiye anayeitembea njia yote, na hatumuulizi ikoje.

Ramani ya kwanza niliichora peke yangu, likizo nzima. Nilikusanya mihtasari ya masomo yote, nikafungua vitabu vya kiada kwenye kurasa za yaliyomo, nikajaza jedwali kubwa lenye rangi tofauti kwa kila somo. Ilikuwa nzuri kweli kweli. Nilichapa nakala kwa kila idara na kuzigawa siku ya kwanza ya muhula kama mtu anayegawa kadi za harusi. Wiki tatu baadaye nikamkuta mwalimu wa lugha ameigeuza yake, upande wa nyuma ameorodhesha alama za jaribio. Hakuona haya, wala hakuwa na sababu ya kuona haya. Upande ule mweupe ulikuwa na kazi. Ule wa rangi haukuwa nayo.

Nililalamika nyumbani kwa siku kadhaa. Kisha nikaanza kusoma, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya likizo. Wazo lenyewe si geni. Mtaalamu wa elimu Mmarekani, Fenwick English, aliandika kulihusu mwaka 1980, na hoja yake ilinigonga: kuna mtaala ulioandikwa, kuna mtaala unaofundishwa, na kuna mtaala unaopimwa, na shule nyingi hudhani hivyo vitatu ni kitu kimoja. Ramani, kwa maoni yake, ni rekodi ya kile kilichofundishwa kweli darasani na muda kilichochukua. Baadaye Heidi Hayes Jacobs, mtaalamu wa elimu Mmarekani pia, katika miaka ya 1990, akalijenga wazo hilo juu ya kalenda: kila mwalimu aandike mwenyewe, mwezi kwa mwezi, maudhui aliyofundisha, stadi alizokusudia na namna alivyopima, kisha walimu wasomeane. Ramani yangu ilikuwa nakala ya mihtasari iliyopakwa rangi. Nilikuwa nimechora nchi bila kuikanyaga.

Tukaanza upya. Safari hii nilitoa karatasi yenye safu nne tu: wiki, nilichofundisha, mwanafunzi alitakiwa aweze kufanya nini, na nilijuaje kama ameweza. Niliwaomba walimu waijaze kila Ijumaa kwa muhula mmoja. Si kupanga, kuandika yaliyokwisha kutokea.

Karatasi za mwezi wa kwanza ziliporudi, karibu zote zilifanana na maazimio ya kazi neno kwa neno. Kulikuwa na mada iliyoonyeshwa kumalizwa katika wiki ambayo nusu yake tulisimamia mitihani. Mwingine alikuwa amejaza hadi wiki ambazo bado hazijafika. Sikukasirika, maana niliielewa hofu ile. Mwalimu akiombwa aandike alichofundisha, kinachomjia kichwani ni mkaguzi. Karatasi inayoonyesha kwamba umebaki nyuma ni ushahidi unaojitolea dhidi yako mwenyewe.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza, mwalimu mkuu alitamka mbele ya wote kwamba karatasi zile hazitaingia kwenye faili la mtu yeyote wala kutumika kumpima mwalimu, na akashika neno lake. Bila hilo tungebaki tunaandikiana hadithi. La pili ni kwamba nilisimama kikaoni nikasoma ya kwangu bila kuisafisha. "Wiki ya 6. Nilipanga kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilifundisha kigawe kidogo cha shirika, maana hawakikumbuki. Siku mbili nilirudia jedwali la kuzidisha. Wiki ya 7. Kama ya 6." Chumba kikawa kimya. Kisha mwalimu wa sayansi, mtu mzima kuliko sote, akasema taratibu: "Mwalimu, kumbe na wewe." Kuanzia hapo karatasi zikaanza kuja na ukweli, na ukweli ulikuwa na mwandiko mbaya zaidi.

Mwisho wa muhula tulibandika karatasi zote ukutani katika chumba cha walimu, madarasa yakishuka kutoka juu kwenda chini na wiki zikienda kulia. Tukapeana sharti moja: mtu asisome somo lake. Mwalimu wa historia akapewa hisabati, wa hisabati akapewa lugha, wa michezo akapewa sayansi. Kalamu ya njano kwa kinachojirudia, nyekundu kwa pengo, na kijani kwa mahali ambapo somo moja linalihitaji jingine. Tulitenga saa mbili. Saa ya nne ikatukuta bado tumesimama.

Jambo la kwanza kuonekana liliniaibisha mimi. Sayansi darasa la saba ilifundisha densiti mwezi wa pili wa mwaka. Densiti ni tungamo kugawanya kwa ujazo, na namba zake mara nyingi zina desimali. Mimi nilikuwa nikifundisha kugawanya desimali mwezi wa saba. Nikamgeukia yule mwalimu wa sayansi nikamuuliza amekuwa akifanyaje miaka yote. Akasema amekuwa akiwafundisha kugawanya desimali yeye mwenyewe, kipindi kimoja na nusu, kwa njia aliyoikumbuka tangu shuleni. Njia yenyewe ilikuwa sahihi, ila ilitofautiana na yangu. Kwa hiyo mwezi wa saba nilipofika na njia yangu, watoto walikuwa na mbili zinazogombana kichwani, nami niliwaita wazembe. Tulihamisha mada moja kwenye kalenda, tukakubaliana njia moja ya kugawanya, na tatizo lililodumu miaka likaisha kwa mazungumzo ya dakika kumi mbele ya ukuta.

Grafu zilikuwa za njano kila mahali: hisabati madarasa matatu, sayansi mawili, jiografia mawili. Hapo tulibishana sana, na ubishi wenyewe ulikuwa na maana. Baadhi wakataka zifutwe, zibaki darasa moja. Mwingine akatetea marudio, na hakuwa anabahatisha. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi tunavyosahau upesi tusichokirudia. Na mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Bruner, mwaka 1960, alipendekeza mtaala unaozunguka kama ngazi ya duara: mtoto anarudi kwenye wazo lile lile, lakini kila anaporudi amepanda juu zaidi. Basi tutajuaje kama tunapanda ngazi au tunazunguka uwanja?

Jibu lilikuwa kwenye safu ya tatu, na tulilipata kwa kusoma vitenzi. Darasa la tano: kuchora grafu. La sita: kuchora grafu. La saba: kuchora grafu. Kitenzi hakijasogea. Tukaandika upya: la tano wachore, la sita wasome grafu iliyochorwa na mtu mwingine na kueleza inachosema, la saba wapewe grafu mbili za takwimu zile zile, moja mhimili wake wa wima ukiwa umekatwa usianzie sifuri ili tofauti ionekane kubwa, watambue ipi inapotosha na kwa nini. Mada ni ile ile, jina ni lile lile, ila hakuna tena wa kunyoosha mkono kulalamika. Tangu siku hiyo nikisoma ramani ya mtu naanza na vitenzi, mada naziangalia baadaye. Taja, taja, taja, kisha ghafla darasa la mwisho, jadili. Unamwona kabisa mtoto anavyoanguka hapo.

Safu ya nne ilikuwa chungu zaidi, na nitakiri kwamba hatukuimaliza mwaka ule. Mwalimu anaandika stadi ni "kujenga hoja na kuitetea", halafu kipimo chake ni maswali ishirini ya kuchagua jibu. Mwingine anasema anafundisha kusikiliza na kuzungumza, na katika muhula mzima hakuna mahali alipomsikiliza mtoto akizungumza na kumwekea alama. Sikuwalaumu, nami nilikuwa na yangu. Lakini mtoto hasomi malengo ya somo. Anasoma mtihani wa mwaka jana, na kutoka huko anajua tunathamini nini.

Pengo lililotushangaza wote lilikuwa dogo. Kila mwalimu wa madarasa ya juu alilalamika kwamba wanafunzi hawajui kuandika muhtasari wa wanachosikia. Wananakili ubao tu. Tukatafuta ukutani ni nani anayefundisha jambo hilo. Hakuna. Lugha ilifundisha ufupisho wa habari iliyoandikwa. Kusikiliza na kuandika yaliyo muhimu hakukuwa kwa mtu yeyote, kwa sababu lilihitajika na kila mtu. Tukalipangia somo, darasa na mwezi.

Kisha tukahesabu muda. Kalenda ilituonyesha wiki 38. Tulitoa mitihani na maandalizi yake, siku za michezo, za mahafali, wiki ya kwanza ambayo watoto bado wanaingia, na ya mwisho ambayo walimu wako kwenye ripoti. Zikabaki 29. Nilipojumlisha muda wa mada zilizoandikwa kwenye azimio langu la hisabati nikapata wiki 36. Yaani kila mwaka nilianza nikiwa na deni la wiki saba na nikajishangaa mwezi wa kumi kwa nini nakimbia. "Kumaliza silabasi" kulimaanisha mwalimu afike ukurasa wa mwisho, watoto wakiwa wamebaki kwenye ukurasa wa themanini.

Lazima vitu vipunguzwe, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanikera.

Mwalimu mmoja wa maarifa ya jamii alikuwa na mradi wake wa wiki tatu. Wanafunzi walichagua mtu mzima wanayemfahamu, wakamhoji kuhusu kazi yake, wakaandika. Kwenye ramani ulionekana kama mada moja yenye jina jepesi, "Kazi za watu", na mada hiyo ilikuwa tayari imefundishwa madarasa mawili ya chini. Njano tupu. Nilipendekeza iondolewe, tukapiga kura kwa kuinua mikono, ikaondolewa. Mwenye mradi hakusema kitu. Nilichukua ukimya wake kuwa kukubali, wakati miaka yangu yote darasani ilikuwa imenifundisha kwamba mtoto aliyenyamaza si lazima awe ameelewa.

Mwaka uliofuata wanafunzi walipofika kwenye uchunguzi wa sayansi, hawakuweza kutunga swali. Waliuliza maswali ya ndiyo au hapana, wakipata jibu wanasimama hapo. Mwalimu wa sayansi akashangaa, mbona kundi la mwaka jana halikuwa hivi? Ilituchukua wiki kadhaa kutambua kwamba kutunga swali, kusikiliza jibu na kuuliza swali la pili linalozaliwa na jibu lile, vyote vilikuwa vikifundishwa ndani ya ule mradi wa "Kazi za watu" na hakuna mahali pengine. Mwenye mradi alilijua hilo. Hakuwa ameliandika, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kupumua, nami sikumuuliza. Nilimfuata ofisini kwake nikamwomba radhi. Akanijibu, "Ulisoma jina, mwalimu, hukusoma kazi." Mradi ukarudi. Nasi tukawekeana kanuni: hakuna kinachofutwa kwenye ramani mpaka mwenye nacho aulizwe, ana kwa ana na si kikaoni, watoto watapoteza nini kikiondoka.

Kuhusu programu za kompyuta sitasema mengi. Tulijaribu mfumo mmoja wenye visanduku vingi, kila mada ikidai misimbo na vipengele kumi na kitu. Walimu wakajaza visanduku ili rangi nyekundu igeuke kijani, na tukarudi kule kule kwenye hadithi za kuandikiana. Tuliuacha. Jedwali la kawaida ambalo wote wanaweza kulifungua linatosha, na toleo la ukutani lililoandikwa kwa penseli ndilo linalosomwa kweli. Nilisisitiza penseli. Kilichochapwa kinaonekana kama sheria, na watu hawasahihishi sheria, wanaikwepa.

Ugumu mkubwa zaidi haukuwa kuichora. Kuitunza ndiko kulikotushinda mwanzoni. Mwaka wa pili, kufikia katikati ya muhula, ilikuwa imeanza kupitwa na wakati na watu wakaanza kupita mbele yake bila kutazama, kama picha ya zamani ukutani. Kilichotusaidia ni kikao kimoja kwa mwezi, dakika 40, ndani ya saa za kazi. Hilo la saa za kazi lilinigharimu mabishano na uongozi, na singelegeza hata leo. Ukimwomba mwalimu aje kutazama ramani baada ya vipindi saba na rundo la madaftari, atakuja mwili tu. Katika kikao hicho hatusomi taarifa. Kila mtu anakwenda ukutani na penseli, anaweka alama palipokwenda tofauti, na anaandika maneno machache kwa yule atakayefundisha mwaka ujao. Maneno yale hayana adabu ya kiofisi. "Jaribio hili halifanyi kazi siku ya mawingu." "Usianze na mfano wa kitabu, unachanganya." "Wiki mbili hazitoshi, iba moja kutoka mada inayofuata." Kuna mtu aliandika tu "Pole."

Si wote walioikubali. Mwalimu mmoja wa lugha, hodari kuliko wengi wetu, aliniambia wazi kwamba ramani inamfanya ajihisi dereva wa basi. Nilibishana naye kwa muda mrefu kisha nikaacha, kwa sababu ana sehemu ya haki. Nimesikia shule ambako ramani imegeuzwa ratiba ya lazima, kila darasa liwe ukurasa ule ule siku ile ile, na mwalimu anayesimama kumngoja mtoto anahesabiwa amechelewa. Hiyo ni ramani iliyosahau kwamba kuna mvua njiani. Tulikubaliana naye kwamba ramani itaonyesha mwanafunzi aweze nini ifikapo mwisho wa mwezi, na namna ya kumfikisha hapo itabaki kwake. Anaijaza sasa, kwa kuchelewa, na maelezo yake ya pembeni ndiyo ninayoyafurahia kuliko yote.

Muhula uliopita alikuja mwalimu mpya wa hisabati, kijana, ndio kwanza anatoka chuoni. Sikupata nafasi ya kumpokea vizuri. Nilimwonyesha ukuta, nikamwambia nitarudi, nikaenda kipindini. Niliporudi alikuwa bado amesimama pale, kidole kiko kwenye safu yangu, pua karibu iguse karatasi kwa sababu penseli ilikuwa imefifia.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Hapa wiki ya 23 umeandika 'nimekwama, kuwa mwangalifu', halafu kuna mshale unaokwenda mpaka darasa la tano. Ulikwama wapi hasa?"

Nikavuta viti viwili.